Kinyota

Saa nne asubuhi, ofisi ya mizigo, Ruwi,
kiyoyozi kinakohoa kama mdai mlangoni.
Bosi kasema: futa yote yenye moja,
mafaili ya ghala namba moja, lishafungwa lile.

Sikufuta. Mama alinifunza kuchagua mchele
kabla ya kuutia maji.
Nikafungua dirisha jeusi, nikaandika
kinyota, moja, kinyota:
nionyeshe kwanza.

Yakaja. ghala1, ghala12, ankara31,
na katikati yao, bila haya,
orodha ya wapangaji,
mkataba wa Ghubra,
picha za harusi ya Thuwaiba.
Moja iko wapi humo?
Nikapita herufi kwa herufi, ncha ya kalamu juu ya kioo.
Hakuna moja. Hakuna hata mkia wa moja.

Biju wa chumba cha mitambo akaja na chai yake ya maziwa,
akaongeza mkwaju na eksi kwenye amri yangu,
safu ya pili ikachomoza ubavuni:
ORODHA~1
MKATAB~1
PICHAZ~1
"Jina likiwa refu," akasema kwa Kiarabu chake cha Kerala,
"mashine hulibandikia jingine, fupi, la ndani. Mazoea ya zamani.
Wewe huoni. Kinyota hubisha hodi milango yote miwili."

Mkataba, umekatwa a yako ya mwisho,
umevishwa wimbi na namba
wala hukulalamika.

Nilicheka. Kisha kicheko kikanikwama.
Kadi yangu inasema Nasra bint Muhenna.
Nyumbani, Al Khoudh, mimi ni Chausiku,
jina alilonipa bibi jikoni, mikono ina unga,
hakuna karani aliyepata kuliandika.
Nilidhani limelala.

Alhamisi, foleni ya kuhuisha kadi.
Wanawake kumi na kitu, abaya nyeusi tupu,
Kiarabu cha salamu, Kiarabu cha "tafadhali, dada, zamu yako".
Nyuma kabisa mmoja akaangusha shada la funguo:
"Alaa! Kidole changu!"

Si jina la mtu, hilo.
Vichwa vitano vikageuka,
na cha kwanza kilikuwa changu.