Tukisubiri Mwangwi wa Sita

Wamesema Ijumaa. Safari hii haiahirishwi.
Bango limepandishwa Moi Avenue, jeusi tititi,
halina uso, halina nyota, ni tarehe tu
na chini yake mwanya, kama mlango uliosahauliwa kufungwa.

Odongo, kinyozi wetu wa Umoja, amesimamisha mashine
katikati ya kisogo changu ili anihutubie:
anataka aambiwe Mwangwi alizaliwa wapi,
nani alimleta kwenye kituo kile kinachozunguka Zohali,
na kwa nini hula sauti za watu kabla ya kula watu.
"Sehemu tano, ndugu yangu! Deni ni deni."

Kerubo, binti wa shangazi, yeye anamdai Fundi Oru,
aliyefungiwa nje ya chombo mwisho wa sehemu ya tatu,
mkono umeshika kamba, kamba haijashika kitu.
Miaka kumi na miwili anaelea.
Kerubo amejifungua mara mbili, amehama Kayole, amezika baba,
na bado akiosha vyombo huuliza:
"Hewa yake itakuwa imebaki ngapi?"

Mimi nawaogopa watengenezaji kuliko zimwi lao.
Sehemu ya nne walimpa Mwangwi mtoto, wakamliza.
Sehemu ya tano wakamwashia taa zote
tukamhesabu meno kama tuko machinjioni Dagoretti.
Kitu ukishakihesabu meno, ni mfugo.

Wa kwanza nilimwona Dandora,
banda la Mutinda, shilingi tano, benchi la mbao,
migongo yetu kwenye ukuta wa mabati
na nyuma ya mabati kinu cha posho.
Mutinda alitutafsiria kwa kipaza sauti chenye kikohozi,
akawapa wanaanga majina ya mtaani:
rubani akawa Mama Syombua, daktari akawa Chifu,
na Chifu alipoliwa banda zima likapiga makofi.

Kisha, pale Oru anapoinamia tundu la hewa
na kusikia anaitwa kwa sauti ya nduguye marehemu,
stima ikapotea.
Kinu nacho kikafa.

Hakuna aliyetoka. Tulikuwa tumelipa.
Mutinda hakunyamaza. Aliendelea gizani kwa koo tupu,
akitunga, akipita kati ya mabenchi, viatu havisikiki,
akaanza kuita. Si Oru. Alituita sisi.
"Kerubo."
"Nyandusi."
Kwa sauti ya mama yangu, naapa,
na mama alikuwa Pumwani, zamu ya usiku.
Kerubo aliniuma mkono. Alama ninayo.

Miaka baadaye niliinunua ile ya kwanza, halali, na kasha lake.
Nikavaa hedifoni, nikazima taa ya chumbani.
Mahali pa ngurumo hapakuwa na ngurumo.
Mwangwi hutembea kimya.
Kilichonguruma ukutani siku ile ni mahindi ya watu.
Na Oru akishainama, hakuna anayeniita mimi.
Anarudisha mfuniko, anakwenda zake.

Basi wataongeza nini, hao wa ng'ambo na mabilioni yao,
wasiomjua Mutinda,
wasiojua kwamba alihamia Mlolongo, anauza magodoro,
na ukimkumbusha anakuuliza unataka inchi ngapi?

Nimekata tikiti tatu. Odongo atafunga duka mapema.
Kerubo ameandika maswali nyuma ya risiti ya unga.
Nitakaa kati yao na bisi zangu,
na Oru atakapoinama, kama watampa nafasi ya kuinama,
nitaiomba Nairobi ifanye ile kazi yake ya kila wiki:
stima ipotee.

Ila jengo lile jipya lina jenereta.
Huwaka kabla hujamaliza kushtuka.