Herufi Moja

Ghorofa ya tisa, Ottawa, mwezi wa Januari.
Mfereji umeganda, watu wanakwenda kazini juu yake
kwa viatu vyenye makali ya chuma
(sura ya tisini na tano, wala si ya sitini na nne).
Niwieni radhi, ndivyo macho yangu yalivyoharibika:
mtu akifungua mwavuli, mimi naona mpini,
kitambaa, na nchi ulikotoka.

Kazi yangu ni kuvipa vitu majina,
si yale vinayoitwa dukani,
bali tarakimu kumi, zimepangwa kama meno.
Likilegea moja, meli nzima inalipa.

Jumanne Gaétane aliniwekea boksi mezani.
"Lako hili," akasema. "Linanuka kondoo."
Ndani mlikuwa na mguu mmoja, wa kushoto,
sufu ya kijivu iliyoshindiliwa
hadi ikasimama yenyewe bila mguu wa mtu,
na barua ya Bi Enkhtuya, mwenye duka Calgary,
kwa kalamu ya kijani:
*Hizi ni soksi. Tunavaa nyumbani, na ndani ya buti.
Wanazishona shangazi zangu watatu, kule Arkhangai.*

Soksi hulipa kidogo.
Kiatu hulipa mpaka mwenye duka ahisi.

Nikaigeuza.
Chini, toka kisigino hadi vidole,
ngozi nyembamba, imeshonwa kwa mkono,
mishono mifupi, mmoja umerudiwa
pale shangazi mmojawapo alipokosea.
Na kitabu hakina haya:
cha kitambaa kisichoshonewa soli, si kiatu.
Kilichoshonewa, ni kiatu.

Kitu. Kiatu.
Herufi moja tu imepenya katikati
kama sindano.

Alinipigia simu baada ya uamuzi.
"Nikiiondoa ngozi?"
"Itakuwa soksi."
"Na bibi kizee akiteleza jikoni kwake?"
Nikasema hilo halimo kitabuni.
Ni kweli halimo. Nimetafuta.
Mchana ule supu yangu ya njegere ilipoa mbele yangu
nikiwa bado na mkono juu ya simu.

Mwaka uliofuata zikaja bila ngozi.
Ila ndani ya kila jozi, katika mfuko wa nailoni,
vipande viwili vimekatwa tayari, vimetobolewa,
uzi, sindano, na picha ya namna ya kushona.
Gaétane alicheka mpaka akavua miwani.
Mimi sikucheka. Kanuni ya pili inasema
kilichofunguliwa vipande, kikifika pamoja,
huhesabiwa kizima.
Nikaandika: kiatu.
Mkono haukutetemeka, nao ndio mkono huohuo
ninaomfungia binti yangu vifungo vya koti.

Halafu Machi.
Soksi zikaingia peke yake, safi, bila doa la hila.
Wiki tatu baadaye, kwa ankara nyingine,
boksi la vipande vya ngozi, vimetobolewa.
Mizigo miwili isiyowahi kuonana
kwenye bandari yoyote ninayoilinda.

Nilikaa na lile faili hadi taa za ukumbini zikazimika.
Sikuwahi kumfundisha.
Au nilimfundisha, sijui,
mahali fulani kwenye ile simu, niliponyamaza
sekunde moja zaidi ya inavyotakiwa.
Soksi, nikaandika. Ngozi, nikaandika.
Muhuri, muhuri.

Nilingoja miezi sita, faili likafungwa,
ndipo nikaagiza jozi kwa bei ya dukani,
kwa jina la mke wangu.
Usiku huu niko jikoni, theluji imefika kwenye kitasa,
na nimejichoma kidole mara mbili.
Mguu wa kulia tayari ni kiatu.
Wa kushoto bado ni soksi.
Macho yameniuma; nitaumalizia kesho.