Kiti cha Nyuma

Jana jioni Bwana Mchopa alinipa kadi.
Aliifuta kwanza kwenye kanzu, kama sahani ya mgeni,
akasema, "Haya, Nanjota, chuma chako."
Siku mia tano arobaini na saba za hesabu,
elfu kumi kila magharibi, mvua inyeshe, homa ipande,
zikaishia kwenye kikombe cha chai ya tangawizi.

Sikulala. Alfajiri nikajaza tangi,
nikapita kijiweni Chikongola nimezima taa
wasije wakaniuliza naenda wapi, na nani.
Naenda Kilwa.
Na nani, sina jibu.

Mikindani maji ya ghuba yamelala bapa,
shuka lililotoka kupigwa pasi.
Penye tuta nikapunguza mwendo, taratibu,
kama niliyembeba mjamzito,
ndipo nikakumbuka: nyuma hapana mtu.
Tuta la pili nikalipunguzia vilevile.
Mkono una mazoea yake, haumsikilizi mwenye kadi.

Kiti hiki kimebeba magunia ya korosho mpaka ghalani,
kimebeba bibi harusi, nikamwambia afunge shela fundo
lisije likaliwa na spoki,
kimebeba mlevi wa Magomeni aliyenibusu shingo
akidhani mimi ni Somoe.
Kimebeba jeneza la mtoto,
limelazwa mapajani mwa babaye,
naye hakulia njia nzima,
alilia alipokuwa anatafuta nauli.

Mingoyo, penye njia panda, mama mmoja akainua mkono:
"Boda!"
Mguu ukakanyaga breki kabla sijafikiri.
"Siko kazini," nikasema,
neno ambalo sijawahi kulitamka,
likatoka bichi, lina utomvu.
Akakitazama kiti. Akanitazama mimi.
"Sasa hicho umembebea nani?"
Nikaondoa gia.

Lindi nilinunua mihogo na chachandu, nikala nimesimama.
Baada ya Lindi chumvi inameta kwenye majaruba,
bahari inacheza kibe na barabara:
inachungulia penye upenyo wa mikorosho,
inajificha,
inakuja tena Mchinga uso mzima,
kisha inakukatia tamaa kilomita nyingi
unabaki na vumbi na mbuzi na vibao.
Nilipiga kelele ndani ya kofia.
Sijui nilisema nini. Nilikuwa na raha, nadhani.
Ilinikaa vibaya, kama kiatu cha kuazima.

Daraja la Mbwemkuru nikazima injini.
Kimya kikanishukia mabegani.
Nikafanya jambo la kijinga:
nikahamia kiti cha nyuma.
Mwaka na nusu sijawahi kukaa pale.
Uzi wa mshono umefumuka upande mmoja,
kuna herufi mbili zimeandikwa kwa peni, R na moyo, au R na jani,
na huku nyuma, kwenye keria,
pale vidole vinapofikia,
rangi imechubuka kabisa.
Chuma cheupe. Laini. Pande zote mbili.
Watu wameshika hapa kwa nguvu
na mimi mbele nikipiga mluzi,
nikiwauliza habari za nyumbani,
wakinijibu, "Nzuri tu, kaka."

Nilikaa pale mpaka lori la jasi likapita na upepo wake.

Hotelitatu sikusimama. Nangurukuru nikakata kulia.
Jua lilikuwa limeshaingia upande wa mashamba
nilipoona taa za Masoko, chache, za manjano,
na lami ikaenda ikaenda
ikakutana na maji, ikakoma.

Nikaweka stendi.
"Tumefika," nikasema, kwa mazoea.
Hakushuka mtu.
Nikasubiri kidogo, hata hivyo.