Sabuni ya Nanjota

Mara tatu nimepita Kitangari na bango langu,
mikono ya kuchora, povu la karatasi.
Watu waliitikia kwa adabu,
kisha wakaitazama ndoo:
maji ya kununua, yamepanda mlima kwa baiskeli,
nani ayamwage viganjani?

Nanjota peke yake alitundika kibuyu chirizi kando ya choo,
kamba, kijiti cha kukanyaga,
na kipande cha sabuni ya mche
alichokitoboa kwa msumari wa moto.
Ijumaa kikaibiwa.

Alitukana mpaka mbwa wakanyamaza.
Akatundika kingine. Nacho kikaenda.

Jumanne nilifika jua halijatoka,
mabibo yananuka njia nzima.
Nyuma ya ua wa jirani tukasikia
chiri, chiri,
na sauti ya mtoto:
"Na kucha pia, babu?"

Nanjota akanibana mkono, nisiseme.
Jioni aliacha mche mzima juu ya ukuta,
bila kamba.

Fomu inauliza: kaya ngapi zimebadilika?
Nimeandika mbili.
Ya pili sikuitaja jina.
Mkono wake mrefu, ndiyo,
ila siku hizi ni safi.