Ngano Ndani ya Ngano

Siku ya kumi na tisa umeme ulikatika Muhungu
na jokofu la maabara likanyamaza.
Ndani mlikuwa na miche yangu mia moja na ishirini,
mirefu kama kiganja cha mtoto,
imelala kwenye nyuzi nne, ikihesabu baridi.

Ngano hii haikuzaliwa Bukavu.
Ilifika ndani ya bahasha kutoka nchi yenye theluji,
na haitoi suke mpaka ipigwe na baridi wiki sita.
Ukiipanda hivihivi itakupa majani matupu,
itakutazama mwaka mzima
kama mgeni aliyekataa kuvua koti.

Nikateremka Nyawera, kwa Baba Ntaboba muuza samaki,
kwa sababu jenereta yake haizimwi hata Krismasi.
Jeni ya kuchanua imo, nikamwambia, haijapotea.
Imefungwa tu. Herufi zake ni zilezile,
ila juu yake pana vialama vidogo, nukta za wino,
vinavyosema: hapa usisome.
Na ziko jeni nyingine ambazo kazi yao ni hiyo:
hii huandika alama, ile huisoma,
nyingine hupita na kifutio.
Tena ngano ina vitabu vitatu, urithi wa nyasi tatu,
hivyo kila karani ana pacha wawili
na bado hatujui nani humsikiliza nani.

Akapangusa magamba mikononi.
"Kama ofisi ya ardhi," akasema.
"Kiwanja kipo. Hati ipo.
Mhuri ndio haujagongwa, mwaka wa kumi na moja huu."

Basi miche ikalala chumba chake cha mbele,
kati ya siagi na katoni za tomsoni.
Kila alfajiri nilishuka na kipimajoto.
Wateja waliuliza ni mboga gani hizo zisizouzwa.
"Wanafunzi," Ntaboba aliwajibu. "Wanasomea baridi."
Mpaka leo daftari langu linanuka samaki.

Suke la kwanza lilichomoza mwezi wa nne,
nyuma ya maabara, likiwa na mgongo kwa ziwa.
Nililigusa kwa kidole kimoja.
Sikumwita mtu.

Mama yangu bado analala na viatu.
Tangu mwaka wa tisini na sita,
na chini ya kitanda kilo tano za unga
zimefungwa kamba, tayari kubebwa.
Mimi nilizaliwa baadaye. Sikukimbia kilima chochote.
Lakini nimepanga chumba changu mwenyewe Kadutu
na juzi, nikifagia, niliusukuma mfuko kwa ufagio:
kilo tano. Kamba. Nani aliufunga?

Sitasema ni jeni. Nimepima ngano, sijampima mama.
Huenda nilimwona tu akifunga, mtoto huona.
Ninachokijua ni hiki:
punje inapoumbwa ndani ya suke, mfutaji hupita.
Mmea ulihesabu baridi siku arobaini na mbili,
punje yake haikumbuki hata usiku mmoja.
Itaanza upya, itafungwa tena,
itangoja baridi yake yenyewe.
Mwanzoni niliandika pembeni: hasara.
Nikakata. Sijaandika neno jingine.

Jumapili nilimpelekea mama punje arobaini.
Akazimwaga kitandani, akazipanga kwa ukucha.
"Nsimire, hizi zinakumbuka duka la samaki?"
"Hapana, mama. Zimesahau zote."
"Zote?"
"Zote."
Akaitazama moja kwa muda mrefu,
jinsi anavyotazama noti kabla ya kuipokea.
"Na huyo mfutaji wenu," akauliza,
"huwa anapita na majumbani mwa watu?"

Nikajifanya natafuta gundi ya bahasha.