Dhiraa Moja na Shibiri

Mama hapimi kwa utepe.
Hulaza mkono ardhini, kiwiko kwenye shina la kwanza,
ncha ya kidole cha kati iguse udongo,
kisha hutanua kiganja, akaongeza shibiri.
"Hapa mche wa pili," anasema.
"Si hapo unapotaka wewe kwa uchoyo wa mche mmoja zaidi."

Ni Mei. Bonde la Maritsa limeshasamehewa na baridi.
Miche imekaa sebuleni wiki sita
kwenye vikopo vya mtindi,
ikirefusha shingo kama watoto wanaochungulia harusi.
Tunaifukia hadi majani ya chini,
maana shina la nyanya halijui kuzikwa:
lenye vinyweleo leo, kesho lina mizizi.

Nambishia. Nimezoea chumba cha Sofia
ambamo kitanda kinagusa jiko.
Nafasi yote hii, bure?
Anacheka kwa pua.
"Hapo ndipo upepo unapopita.
Mwaka baba yako alipobana mistari
tulivuna baka. Majani yalilowa usiku, mchana hayakukauka,
na Agosti tukachoma moto
tulichopaswa kutia chupani."

Wala haibaki bure.
Kati ya moyo-wa-ng'ombe na moyo-wa-ng'ombe
anachomeka rehani.
Vitunguu saumu vya tangu Oktoba vimeshika kingo,
askari wa zamu wenye pumzi mbaya.
Marigoldi mwisho wa kila mstari,
kwa ajili ya minyoo ya mizizi, anasema;
mimi nadhani ni kwa ajili ya macho yake.
Viazi vimehamishiwa nyuma ya banda la kuku:
"Ndugu wa damu wasilale kitanda kimoja.
Mmoja akiugua, wote wanakwenda."

Kisha anautazama ua.

Ng'ambo kuna shamari ya mama mdogo Velika,
ndefu, laini, yenye harufu ya peremende,
shibiri moja tu kutoka kwetu.
Shamari haina rafiki bustanini.
Mstari wetu wa mwisho umedumaa miaka mitatu,
na miaka mitatu mama hajasemezana na mdogo wake.
Zamani chanzo kilikuwa cherehani ya bibi.
Siku hizi chanzo ni shamari.
"Anajua," mama anasema. "Anajua fika."
Vita vya panzi, neema ya kunguru:
vidukari hawaulizi ua ni wa nani.

Alasiri moja ya Julai mbingu iligeuka rangi ya sufuria.
Mabati ya banda yalitangulia kusema,
kisha mawe ya barafu, kwanza kama mbaazi, halafu kama lozi.
Mama alitoka na shuka mbili.
Hazikutosha. Ile dhiraa na shibiri
ilikuwa sasa ndefu kama barabara.
Ndipo shuka la tatu likaruka ua,
na la nne, na pazia la sebuleni lenye mawaridi,
na nyuma yake Velika mwenyewe, sketi imenasa kwenye waya,
akiitukana mvua, waya, na sisi, kwa pumzi moja.
Tulishika pembe. Tulilowa.
Hakuna aliyesema asante.

Asubuhi tulihesabu: mashina kumi na moja yamevunjika
kati ya thelathini. Rehani imelala, lakini inanukia.
Velika alisimama upande wake, mkono kiunoni.
"Inaweza kukaa kule kwenye choo cha zamani,"
alisema, akiiambia shamari.

Mama hakujibu.
Alipiga magoti penye ua, akalaza mkono,
kiwiko, kidole, kiwiko tena,
hadi mkono ukapita chini ya waya na kuishia ng'ambo.
"Zidisha," alisema. "Dhiraa tatu."
Na baada ya kimya cha kuku wawili watatu:
"Ina mzizi mrefu, haipendi kuhamishwa.
Ngoja nilete jembe. Lako butu."