Namba ya Luku

Umeme umekatika saa mbili usiku, hapa Uru.
Kwenye mita namba imefutika,
na wewe, Aikande, uliihifadhi
ndani ya simu yenye nywila nisiyoijua.

Jumanne ile ulisema, "Nafuata kitunguu, narudi."
Kitunguu nililetewa na watu,
kimefungwa pindoni mwa kitenge chako.

Najaribu siku ya harusi. Hapana.
Kuzaliwa kwa Ndetaramo. Hapana.
Nina miaka hamsini na mbili.
Nimezika baba, nikazika mama, kwa zamu,
wewe hukungoja zamu.

Matanga yameanuliwa. Mashemeji wamepanda basi.
Migomba inadondosha maji juu ya udongo mbichi
na mimi gizani nabonyeza, nabonyeza,

mpaka namkumbuka ng'ombe:
mwaka tuliomnunua,
ulicheka kuliko siku ya harusi.
Ikafunguka.

Namba ninayo. Nimeiandika ukutani kwa mkaa.
Umeme sijanunua.
Nimekaa na mwanga wa simu yako,
chaji asilimia tisa,
nasoma orodha ya Jumanne:
kitunguu, chumvi,
nyembe za Baba Nde.